Jinsi ya kubadilisha na kusalimisha fataki za dharura zilizokwisha muda

Toa fataki zote (ishara za moto za kuomba msaada baharini) kwenye boksi la dharura la boti usome tarehe ya kuisha, moja moja. Nyingi hudumu miaka 3 hadi 4 tangu zitengenezwe.

Nunua mpya kabla ya kuondoa za zamani. Roketi ya parashuti yenye alama ya SOLAS (mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini) hupanda mita 300 au zaidi na kuwaka mwanga mwekundu kwa sekunde 40 au zaidi. Ya mkononi huwaka dakika 1. Angalia tarehe kabla ya kulipa, maana iliyolala dukani miaka 2 huenda imebakiza mwaka mmoja tu. Dai risiti, kisha muulize muuzaji kama anapokea zilizoisha.

Asipopokea, andika barua kwa ofisi ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) iliyo karibu nawe, au Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa boti za Zanzibar, kuomba maelekezo ya kuzisalimisha. Taja jina la boti na namba ya usajili, simu ya mmiliki, aina ya fataki, idadi, tarehe za kuisha, hali yake (kavu, ina kutu, imevimba) na zilipohifadhiwa. Ambatanisha picha na nakala ya risiti ya mpya. Peleka nakala 2. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Hii ni baruti, kwa hiyo usiipakie kwenye daladala wala bodaboda kabla hujajibiwa.

Wakati unasubiri, ziweke kwenye ndoo yenye mfuniko, pakavu, mbali na petroli, jiko na watoto. Iliyopasuka au kuvuja unga usiiguse, piga 112.

Usizitupe baharini wala jalalani. Kuzilowesha hakusaidii, kwani ya mkononi imetengenezwa iendelee kuwaka hata ikizamishwa. Na tafadhali, zisirushwe harusini wala mkesha wa mwaka mpya: kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini zinakataza ishara hizi pasipo hatari. Sisi tuliozika watu wa MV Spice Islander, meli iliyozama Zanzibar mwaka 2011, hatuna ruhusa ya kumzoesha nahodha yeyote kupuuza mwanga mwekundu.

Siku ya kukabidhi, hesabuni pamoja na mpokeaji, asaini idadi na tarehe. Karatasi hiyo iweke kwenye faili la ukaguzi wa boti.