SOMO: Kupima magonjwa ya muhogo kwa simu shambani pasipo mtandao

Ndugu wakulima na maafisa ugani wenzangu wa Kigoma, habari za kazi. Swali ninaloulizwa kuliko yote nikitoka Kasulu mjini kwenda vijijini ni hili, kuhusu Nuru, programu ya simu ya kupima magonjwa ya muhogo: "Ile Nuru ikikosa mtandao inafanya kazi?" Inafanya. Ila inamfanyia kazi aliyeiandaa nyumbani kabla hajapanda pikipiki. Naandika hatua ninazozifuata mwenyewe, na kosa moja lililomgharimu mama wa watu, ili wengine wasilirudie.

Nuru ilitengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, wakishirikiana na IITA (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki) na FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa). Ilionyeshwa maelfu ya picha za majani ya muhogo mpaka ikajifunza kutambua magonjwa mawili ya virusi, batobato na michirizi ya kahawia, pamoja na wadudu waitwao utitiri wa kijani. Ujuzi huo unakaa ndani ya simu yenyewe. Ukielekeza kamera, picha haisafiri kwenda popote ndipo jibu lirudi. Simu inajijibu yenyewe. Ndiyo maana bondeni kusikoshika hata mnara mmoja bado inakujibu.

Hatua ya 1: Iandae ukiwa na mtandao

Kuipakua peke yake hakutoshi. Ifungue, chagua Kiswahili, jiandikishe, ingia sehemu ya muhogo, uache imalize kushusha inachoshusha. Kisha fanya jaribio ninalolisisitiza kila mafunzo: weka simu kwenye hali ya ndege, toka uani, piga jani lolote la muhogo. Ikijibu, uko tayari. Ikianza kuzunguka tu na kudai mtandao, afadhali uligundue hilo uani kwako kuliko mbele ya wakulima 20 walioacha majembe kukusikiliza.

Hatua ya 2: Chaji, kioo na mahali

Kamera inakula chaji. Beba pawabenki, punguza mwanga wa simu, na uiache kwenye hali ya ndege ukiwa shambani, maana simu inayohangaika kutafuta mnara inaisha haraka. Kioo cha kamera kifute kwa kitambaa safi. Huku kwetu tunakula, tunashika simu, na mawese hayatoki kwa kupangusia kwenye suruali; picha inakuwa na ukungu na jibu linapotea. Mahali ulipo simu inaweza kupata kwa setilaiti hata bila intaneti, ila simama pa wazi na uipe dakika kadhaa.

Hatua ya 3: Tembea shamba zima

Omba ruhusa ya mwenye shamba, mweleze unapiga picha za nini. Usiishie mimea ya kando ya njia. Pita kwa mistari miwili inayokatizana kama X, mimea 15 kila mstari, jumla 30. Muda mzuri ni mihogo ikiwa na miezi mitatu hadi sita, majani yakiwa mengi. Kwa aliyepanda mvua za Novemba, hiyo ni Februari mpaka Mei.

Hatua ya 4: Majani sita, si moja

Hapa naomba msome taratibu.

Msimu mmoja wa mvua nilikuwa kijiji kimoja nje ya Kasulu, shamba la mama aliyepanda ekari moja. Mawingu yalikuwa yanashuka. Nilipiga jani moja moja la juu kwa mimea michache, simu ikasema mzima, nami nikamwambia, "Mama, shamba lako safi, hata majirani wanaweza kuchukua pingili hapa." Wakachukua kaya nne. Alipokuja kuvuna ili aloweke udaga, aliniita. Akaweka muhogo mmoja juu ya jiwe, akaukata kwa panga mara tatu. Kipande cha kwanza cheupe. Cha pili cheupe. Cha tatu kilikuwa na madoa ya kahawia, makavu, magumu kama gome. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Na wale niliowapa?"

Ile ilikuwa michirizi ya kahawia, nayo haijionyeshi majani machanga ya juu. Inaonekana majani yaliyokomaa, ya chini: umanjano unaofuata mishipa midogo ya jani, kingo zake hazina mkato. Batobato ni kinyume: itazame juu, majani machanga yanajikunja, yanapindika, mabaka ya manjano au kijani mpauka. Kwa hiyo kila mmea chukua majani mawili ya juu, mawili ya kati, mawili ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta Nuru ikipatia kwa asilimia 65, maafisa ugani tukipatia 40 hadi 58, wakulima 18 hadi 31. Walipopima majani sita kwa mmea, usahihi wa Nuru ukapanda hadi kati ya 74 na 88. Simu inatushinda macho, lakini inatushinda ikipewa majani ya kutosha.

Wakati wa kupiga, tia jani kivuli kwa mwili wako, lishike kwa chini likunjuke, lijaze kioo peke yake. Jani lenye umande, lililotafunwa na mbuzi au lenye vumbi la barabara liache.

Hatua ya 5: Beba panga

Simu inaona majani. Haioni ardhini. Mmea unaweza kuwa na majani mazuri na mizizi imeharibika. Mihogo ikishakomaa, ng'oa mashina machache sehemu mbalimbali, kata kila mzizi vipande vitano au zaidi, kwa sababu doa linaweza kuwa sehemu moja tu, kama lile la kipande cha tatu.

Hatua ya 6: Andika daftarini

Tarehe, kijiji, aina ya muhogo, pingili zilitoka kwa nani, mimea mingapi kati ya 30 ina dalili. Simu inaweza kuanguka mtoni. Ukirudi mjini, washa mtandao na ufungue programu ili kumbukumbu zipande.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Kakonko: Shikamoo bwana shamba. Simu yangu ni ya siku nyingi na imejaa. Itakubali?

Marahaba. Kinachokwamisha mara nyingi ni kujaa, si umri. Toa video za magrupu kwanza, kisha sakinisha na ufanye lile jaribio la hali ya ndege. Ikigoma, mpime na jirani mwenye simu bora, nyie wawili mnatosha kwa shamba moja.

Kutoka Buhigwe: Kaka, simu inasema utitiri, jirani yangu anashikilia ni batobato. Nimwamini nani?

Dada, pindua jani. Utitiri wa kijani ni wadudu wadogo sana, wanakaa chini ya majani machanga, wanaacha vidoti vingi vya manjano kama vilivyochomwa na sindano. Hupamba moto kiangazi, na mvua ikikolea majani mapya yanatoka yakiwa na nafuu. Batobato haiondoki na mvua. Jani jipya nalo linatoka limepindika. Mmea mmoja unaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo huenda nyote mko sahihi.

Kutoka Urambo, Tabora: Huku sisi ni tumbaku na mahindi. Inatufaa?

Kwa mahindi, ndiyo, inatambua uharibifu wa viwavijeshi vamizi. Tumbaku msiipimie humo. Programu ya namna hii ukiionyesha jani ambalo haikufundishwa, bado inaweza kukupa jibu, na jibu hilo halina thamani.

Kutoka Kibondo: Nimepata batobato mimea 6 kati ya 30. Nipige dawa gani?

Hakuna dawa inayoponya mmea wenye virusi, ndugu yangu, ya duka la pembejeo wala ya miti shamba. Kama mihogo bado michanga, ng'oa iliyougua sasa, ichome au ifukie mbali na shamba. Nzi weupe wanaeneza ugonjwa toka mmea hadi mmea, lakini anayeusafirisha toka kijiji hadi kijiji ni sisi, tukibeba pingili kwenye pikipiki. Msimu ujao tafuta pingili za mzalishaji aliyekaguliwa na TOSCI (taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu), na uulize TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania) aina zinazostahimili magonjwa yote mawili, batobato na michirizi. Kuna aina inayostahimili batobato halafu ikaoza kwa michirizi.

Kutoka Kasulu: Mzee wangu anasema michirizi ya kahawia haikuwepo kwetu enzi zao, ni ugonjwa wa kuletwa na hizi mbegu za kisasa. Kweli?

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani. Mtafiti Storey aliuandika mwaka 1936 akiwa Amani, Tanga. Kwa miaka mingi ulijulikana kama ugonjwa wa pwani, chini ya mita 1,000, na Kasulu yetu iko juu ya hapo. Kuanzia 2004 ukaonekana Uganda kwenye miinuko, ukaenea nchi za maziwa makuu. Kwa hiyo mzee anasema alichokiona, na ndiyo sababu wengi wetu hatukulelewa tukiutambua kama tunavyoitambua batobato. Ila usiuhusishe na mbegu za kisasa. Pingili ya kienyeji yenye virusi inauhamisha vilevile.

Kutoka Uvinza: Majani simu imesema mazima, mimea yote 30. Nimeng'oa mashina matano, mawili yana madoa ya kahawia. Niandike nini?

Andika vyote viwili, kila kimoja kwenye mstari wake, usikifute kimoja ili kifanane na kingine. Kisha mwambie mwenye shamba leo hii, kabla hujaondoka: avune mapema, sehemu zilizooza azitupe, na asikate hata pingili moja ya kupanda au ya kumpa mtu. Muulize pia kama ameshagawa, na kwa nani. Yule mama wa Kasulu tulizunguka naye kaya zote nne kwa miguu. Tatu walikuwa wameshapanda. Moja pingili zilikuwa bado zimeegemezwa ukutani, tukazichoma jioni hiyo.