Kumchagua mchezaji bora wa msimu wa kikapu kwa takwimu, hatua kwa hatua

Ligi ikielekea ukingoni pale Lugogo, Kampala, jina la kwanza kutajwa kwenye tuzo ni la mfungaji anayeongoza. Pointi peke yake zinadanganya. Utaratibu ufuatao unafanyika kwa Excel, au hata kwa daftari na kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: Kagua karatasi. Karatasi rasmi ya mezani ina pointi, faulo na taimauti. Ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) na asisti (pasi zinazozaa kikapu) ziko kwenye karatasi ya takwimu, ambayo huandikwa na mtu mwingine. Zilinganishe mechi kwa mechi. Pointi za wachezaji zikijumlishwa lazima zifikie matokeo ya mwisho. Zisipofikia, tafuta kwanza jezi zilizochanganywa (4 na 14), kisha mitupo ya pointi 3 iliyoandikwa kama ya 2.

Asisti ndizo zenye matatizo zaidi. Kwa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mtoa pasi hupewa asisti hata mtupaji akichezewa faulo, mradi aingize angalau mtupo huru mmoja. NBA, ligi ya Marekani, haihesabu hivyo. Mwandishi aliyejifunza kwa kutazama NBA huziacha, na gadi wa watu, yule mchezesha timu, anaonewa bila mtu kujua.

Hatua ya 2: Weka kiwango cha mechi. Tangu msimu wa 2023-24, NBA hudai mechi 65 kati ya 82, yaani karibu asilimia 79. Kwa ligi ya mechi 22, hiyo ni mechi 17. Kitangazwe kabla ya msimu. Kikitangazwa mwishoni, kila mtu ataona kimekatwa kumfaa fulani. Mechi za mtoano zikae kando, na za mashindano mengine vilevile. City Oilers ya Uganda walipocheza BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, mwaka 2023, namba za kule zilikuwa za kule.

Hatua ya 3: Piga hesabu. Tuchukue wachezaji wawili wa kubuni, kila mmoja mechi 20.

Gadi: pointi 400, mitupo ya kawaida 360 (imeingia 145), mitupo huru 90 (imeingia 70), ribaundi 80, asisti 100, mipira aliyopokonya 40, mitupo aliyozuia 0, mipira aliyopoteza 80.

Senta, yule mrefu wa karibu na kikapu: pointi 300, mitupo ya kawaida 210 (imeingia 126), mitupo huru 80 (imeingia 48), ribaundi 200, asisti 30, kupokonya 20, kuzuia 30, kupoteza 40.

Asilimia halisi ya utupaji: zidisha mitupo huru kwa 0.44, ongeza mitupo ya kawaida, zidisha kwa 2, kisha gawanya pointi kwa jibu hilo. Ile 0.44 ipo kwa sababu si kila mtupo huru humaliza shambulizi. Mwingine huja baada ya kikapu kilichoingia pamoja na faulo. Gadi anapata asilimia 50, senta 61.

Ufanisi, ule unaoandikwa EFF: jumlisha pointi, ribaundi, asisti, kupokonya na kuzuia, toa mitupo yote iliyokosa, huru na ya kawaida, na mipira iliyopotea. Gadi: 620 kutoa 315 ni 305, yaani 15.25 kwa mechi. Senta: 580 kutoa 156 ni 424, yaani 21.2.

Hatua ya 4: Angalia dakika. Gadi amecheza dakika 700, senta 480. Gawanya pointi kwa dakika, zidisha kwa 40, yaani dakika za mechi nzima: gadi 22.9, senta 25. Mfungaji bora amepitwa hata kwenye pointi zenyewe! Lakini usimpe senta tuzo bado. Dakika 24 kwa mechi ni chache, na huenda kocha humtoa kila anapokutana na warefu wenzake.

Hatua ya 5: Rekebisha upendeleo. EFF huwabeba masenta, kwa kuwa ribaundi moja ina uzito sawa na asisti moja, na wao hutupia karibu na kikapu. Basi linganisha gadi na magadi wengine kwanza, senta na masenta. Halafu rudia hesabu ukitumia mechi dhidi ya timu nne za juu tu. Hapo ndipo wanaojaza namba kwa timu dhaifu hushuka. Ulinzi wa kumfunga mpinzani asipokee mpira hauandikwi popote, kwa hiyo video za mechi hizo zitazamwe.

Wapelekee wapiga kura majina matatu hadi matano, kila jina na mstari mmoja: mechi, dakika, asilimia halisi, EFF, na EFF dhidi ya timu nne za juu.