Maji yakishashuka Kano: namna ya kupeleka vijana wa kanisa wakasaidie

Siku ya kwanza ya mafuriko kwenye tambarare za Kano, huku Kisumu, msiende. Siku hiyo ni ya mashua, ya Msalaba Mwekundu, na ya majirani wanaojua mitaro iliyofunikwa na maji iko wapi. Kikundi cha kanisa kutoka mjini kikifika saa hiyo kinaongeza tu watu wa kuokolewa. Zamu yenu inakuja mto Nyando ukisharudi kwenye mkondo wake, wanahabari wameondoka, na mwenye nyumba amesimama mlangoni hajui aanzie wapi. Mimi nilifanya kazi ya afya ya umma huku Kisumu mpaka nikastaafu. Sasa kanisani nikisikika nimestaafu napewa vijana niwapeleke, na haya ndiyo ninayowaambia kabla hawajapanda gari.

Pigieni simu naibu wa chifu na mzee wa kijiji, halafu mtafuteni mhudumu wa afya ya jamii. Huyo wa mwisho ndiye mwenye habari zote: bibi anayeishi peke yake, mgonjwa ambaye dawa zake za kila siku zilisombwa, msichana aliyejifungua akiwa kambini shuleni. Orodha ya mchungaji ni nzuri, lakini ina washirika wake tu. Kano kuna Waadventista, Wakatoliki, Waanglikana, Legio Maria, watu wa makanisa ya Roho na Waislamu, na maji hayakumuuliza mtu anasali wapi. Omba na watu wakitaka kuombewa. Sala isiwe bei ya sabuni. Kijana mmoja aliniuliza, sasa mama, tofauti yetu na shirika lolote ni nini? Nikamwambia asome Yakobo sura ya 2, akimaliza ashike sepetu. Na Jumamosi msimtarajie Mwadventista aje kuwaonyesha nyumba.

Michango: chukueni pesa kuliko nguo. Nimewahi kufungua gunia la msaada nikakuta viatu vya visigino virefu, tena vya mguu mmoja. Sabuni, ndoo, misumari na dawa ya maji vinunueni mjini Ahero, kwa wenye maduka ambao nao maji yaliwaingilia. Kila kijana awe na gambuti na glavu nene. Hili si la kubishana. Yale maji yamepita vyooni, kichocho kiko, mkojo wa panya una magonjwa yake, na nyoka hupenda kujificha chini ya mabati yaliyoanguka. Mwenye kidonda mguuni abaki akipika.

Tope la ndani litolewe likiwa bado bichi. Ule udongo mweusi wa Kano ukikauka unapasuka vipande vigumu, na kazi ya asubuhi moja inakuwa ya siku kadhaa. Nyumba ikiwa na stima, hakikisheni imezimwa kabla mtu hajaingia. Anzieni chumba cha nyuma mkielekea mlangoni. Mwekeni mzee mmoja nje aonyeshe tope linamwagwa wapi, maana vijana wakiachiwa watalimwaga mtaroni, na mvua ijayo italirudisha kwa jirani.

Hapa ndipo wengi huharakisha, nami huwashika mkono. Msitupe kitu bila mwenyewe kusema. Tandikeni turubai uani, mtoe vitu kimoja kimoja, aamue yeye: hiki kinaoshwa, hiki kinakaushwa, hiki kimekwisha. Godoro la sponji lililolowa maji ya mafuriko kwa kweli limekwisha, halioshiki, na mtu wa afya atakuambia hivyo. Lakini mama aliyelinunua kwa pesa ya chama atataka kuligusa na kulizunguka kwanza. Mwacheni. Kuna mmoja alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akifungua bahasha ya vyeti vya watoto, karatasi zimeshikana. Binti mmoja wa kwaya akakaa naye chini ya mwembe, wakazibandua taratibu na kuzianika kivulini, kila moja na kijiwe chake juu. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanya binti huyo siku nzima, na mimi naihesabu kazi kamili. Kitambulisho kilichopotea kina safari yake ya ofisi za serikali, kama Huduma Centre. Mpeni mtu nauli na wa kumsindikiza.

Maji ya kunywa ya nyumbani: yaacheni yatulie, myachuje kwa kitambaa safi, kisha mtie dawa kama kibandiko kinavyosema na msubiri nusu saa. Yakiwa bado na rangi, kipimo huongezwa, soma chupa. Kwa sakafu na vifaa vilivyoguswa na uchafu wa choo, Jik (ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) yenye nguvu ya asilimia 3.5 ukichanganya kopo moja na makopo sita ya maji unapata asilimia 0.5, inayotosha hata mahali palipo na kipindupindu. Osheni tope kwanza, maana dawa ikikuta uchafu inaishia hapo. Msiichanganye na sabuni nyingine ya kuoshea choo. Ule mvuke ni sumu.

Kisima ni habari nyingine, na ndicho kinachonikosesha usingizi. Kijana asishuke kisimani, hata awe shujaa namna gani. Jenereta au pampu ya petroli isiteremshwe ndani kamwe, maana gesi ya moshi wake haionekani na inaua mtu kabla hajapiga kelele. Tena msikikaushe kwa pupa wakati ardhi bado imelowa, kwa sababu kisima kisichojengewa kuta kinaweza kuporomoka. Mwiteni fundi wa visima na afisa wa afya ya umma. Maji yanavutwa kutoka juu, kuta zinasuguliwa, kinaachwa kijae, afisa anapima klorini na kuitia, kinalala usiku kucha, halafu maji hayo yanavutwa na kumwagwa mpaka harufu iishe. Kazi yenu ni kuvuta kamba na kuwazuia watoto. Choo kilichozama zungushieni miti ili mtu asitumbukie. Kipya kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na huku ambako maji ya chini yako karibu, kiinuliwe.

Kujenga msikuanze siku hiyo. Nyumba ya udongo ikikandikwa upya wakati fito bado zina maji, itaoza kutoka ndani. Halafu kuna jambo ambalo vijana wa mjini hawalijui: boma la Kijaluo lina utaratibu wake. Nyumba ya baba, ya mke mkubwa, ya wana kwa umri wao. Ukimwinulia mdogo paa kabla ya mkubwa umemletea mtu ugomvi utakaobaki ukiwa umeshaondoka. Kwa mjane ni nyeti zaidi, kwa kuwa familia nyingine zina masharti kuhusu nani anaweza kumjengea. Unaweza usikubaliane na mila hiyo, na makanisa mengi hayakubaliani nayo, lakini anayebaki kuishi pale ni yeye. Keti na wazee, muulize na mjane mwenyewe akiwa peke yake, ndipo mlete misumari. Nehemia sura ya 3 imejaa watu wanaojenga ukuta mbele ya nyumba zao wenyewe, kwa hiyo mwenye nyumba naye ashike nyundo kama ana nguvu.

Haya ni ya Kano, ambako maji hupanda na kukaa. Kule Nakuru ni tofauti. Bwawa la Solai lilipopasuka tarehe 9 Mei 2018, na kule Mai Mahiu tarehe 29 Aprili 2024, maji yalikuja usiku kwa mara moja na kuondoka na watu. Mahali kama hapo waachieni waliofunzwa kuchimba. Ninyi pikeni uji, mketi na wanaongoja habari, na msimwambie yeyote kwamba ni mpango wa Mungu.

Panga kurudi tangu mwanzo. Baada ya miezi miwili mitatu msaada umekwisha na njaa ndiyo inaanza, kwa sababu shamba lilikwenda. Leteni marando ya viazi vitamu na mbegu za kunde, vitu vinavyokomaa upesi, na mwulize vyandarua kama vinatumika. Msiahidi ng'ombe. Hesabu ya pesa zote isomwe kanisani, kisha nakala moja pamoja na risiti apewe mzee wa kijiji, kwa sababu atakayeulizwa pesa zilikwenda wapi ni yeye.