SOMO: Namna diwani anavyotoa hesabu ya ahadi zake kwa wapiga kura, hatua kwa hatua

Wakuu, salaam.

Nimestaafu nikiwa mtendaji wa kata hapa Tanzania. Kazi hiyo inakufanya uwe katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mwenyekiti wa kamati ni diwani, kwa hiyo nimekaa bega kwa bega na madiwani wa kila aina, akiwemo yule ambaye bahasha ya makabrasha ilirudi kikaoni ikiwa bado na gundi. Somo hili ni la diwani anayetaka kusimama mbele ya waliompa kura aeleze alichofanya. Mwananchi akilisoma naye atajua pa kumbana.

Niseme msimamo wangu mapema. Diwani hapimwi kwa matofali. Hana greda, hasaini malipo, na hana mfuko. Mbunge ndiye mwenye Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo kwa sheria ya 2009. Alichonacho diwani ni kiti ndani ya vikao, na vikao vina mihtasari. Hesabu yake iko humo.

Hatua ya 1: Orodhesha ahadi kama zilivyotamkwa

Ilani ya chama weka pembeni kwanza. Tafuta ulichosema mwenyewe: mnadani, kijiwe cha bodaboda, msibani ulipopewa dakika mbili za salamu ukatumia kumi. Waulize mabalozi wa nyumba kumi na wapambe wako wa kampeni, wao wanakumbuka kuliko wewe. Andika kwa maneno yaleyale. Kama ulisema "nitaleta maji Kitongoji cha Juu", usiandike "kuboresha upatikanaji wa huduma ya maji". Ahadi ikishavikwa lugha ya ofisi, yoyote ile inaonekana imetekelezwa.

Hatua ya 2: Kila ahadi iandikie mwenye fedha

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo wengine wanapojifichia.

Barabara za kata haziko tena mikononi mwa halmashauri. Tangu Julai 2017 ziko TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Meneja wake wa wilaya anakuja kwenye Baraza la Madiwani kutoa taarifa na kusikiliza hoja, lakini hawajibiki kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Maji vijijini yako RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu Julai 2019. Umeme ni REA, wakala wa nishati vijijini, na TANESCO, shirika la umeme. Kwa hiyo diwani aliyeahidi kalavati, kisima na nguzo aliahidi vitu vitatu vya watu watatu wengine. Simsemi kwamba alidanganya, ila wajibu wake kwenye ahadi hizo ni kupeleka hoja, kuifuatilia na kuleta majibu. Hicho ndicho cha kutolea hesabu.

Yapo mambo ambayo hawezi kumsukumia mtu. Mapato ya ndani ya halmashauri yanapitishwa na Baraza, na yeye anapiga kura. Kukamilisha maboma ya madarasa na zahanati ambayo wananchi wameyainua mpaka kwenye renta, vyoo vya shule, soko, stendi, machinjio: hapo sauti yake ina uzito. Hali kadhalika ile asilimia 10 ya mikopo isiyo na riba, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ambayo iko kisheria tangu 2018.

Chukulia diwani wa 2020 aliyeahidi vijana mikopo. Mikopo hiyo ilisitishwa nchi nzima Aprili 2023 na ikarejea mwaka wa fedha 2024/2025. Ana haki ya kulisema hilo. Lakini kusitishwa hakufuti miaka miwili na zaidi iliyotangulia, wala miezi ya baada ya kurejea. Aje na majina ya vikundi vya kata yake vilivyoomba, vilivyopata, na vilivyokataliwa kwa sababu gani. Akisema tu "Serikali ilisitisha" akakaa chini, mwulizeni habari za 2021.

Kuna pia kujipamba. Mwaka 2021 yalijengwa madarasa 15,000 nchini kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19 kutoka IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, na sijui ni madiwani wangapi walioyaweka kwenye orodha ya ahadi zao. Darasa lililoletwa na mpango wa taifa liseme hivyo. Kama ulisimamia kamati ya ujenzi, ukazuia saruji isipotee, ukasukuma fundi mpaka likaisha kwa wakati, lieleze hilo, ni kazi halali na wananchi wanaithamini.

Hatua ya 3: Fungua mihtasari, nenda moja kwa moja kwenye "yatokanayo"

Hotuba ya ufunguzi iruke. Yatokanayo ni ile sehemu ya muhtasari inayoeleza maagizo ya kikao kilichopita yamefikia wapi. Kwenye yatokanayo ndiko ahadi zinakoonekana zikiishi au zikifa. Ninalo kalavati moja ambalo sitalisahau, kwenye njia ya kwenda shule ya msingi. Mvua za masika watoto walikuwa wakivushwa mgongoni. Kikao cha kwanza: "Kamati ilielekeza suala liandikiwe barua kwa Meneja wa TARURA." Kikao kilichofuata: "Linafuatiliwa." Kilichofuata: "Linafuatiliwa." Mwandiko wangu mwenyewe, neno lilelile, robo baada ya robo. Kisha akaja diwani mwingine, akauliza swali moja: barua ina kumbukumbu namba gani? Mafaili yakapekuliwa. Haikuwepo. Ikaandikwa wiki ileile, na safari hii yeye mwenyewe akaibeba.

Kwa hiyo kwa kila ahadi tafuta vitu vitatu: tarehe ilipoingia kwenye kikao cha kata, kumbukumbu namba ya barua iliyotoka, na lini uliisemea kwenye Baraza. Baraza lina mihtasari yake pia, na hoja binafsi au swali la diwani linaandikwa humo kwa jina. Jina lako kama halimo, hukusema.

Angalia na kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na halmashauri nyingi hupitisha makisio kati ya Januari na Machi. Hoja iliyopelekwa Mei imeshachelewa mwaka mzima. Diwani anayelalamika kwamba kata yake "ilisahaulika kwenye bajeti" aonyeshe hoja yake ilifika lini.

Hatua ya 4: Karatasi moja

Ukurasa mmoja, safu nne: ahadi, mwenye fedha, nilichofanya na tarehe, ilipofikia leo. Toa nakala, bandika kwenye mbao za matangazo za ofisi ya kata na za vijiji au mitaa yote. Fanya hivyo wiki moja kabla ya mkutano ili watu waje wameshaisoma. Kitabu cha rangi chenye picha yako kila ukurasa hakisomwi, kinafungia karanga.

Hatua ya 5: Mkutano

Usiweke siku ya gulio. Waandikie mapema Meneja wa TARURA, wa RUWASA na afisa mipango. Asiyekuja, soma barua yake ya majibu, au sema hakujibu. Anza na ahadi zilizoshindikana. Watu wakishasikia ya kushindikana wanatulia wasikilize yaliyofanyika. Ukianza na mafanikio, kelele zitaanzia kwenye kalavati na hutazizima. Muhtasari uandikwe palepale, maswali yote yaingie.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Sengerema: Mkuu, wa kwetu tangu ashinde hajaitisha mkutano wowote. Tunaweza kuitisha wenyewe?

Msihangaike kubuni mkutano, mnao tayari. Mkutano Mkuu wa Kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Mpelekeeni mwenyekiti na mtendaji wa kijiji ajenda ya maandishi: "Taarifa ya diwani kuhusu ahadi", na waombeni wamwalike kwa barua. Asipokuja, muhtasari utasema alialikwa hakufika. Fanyeni hivyo vijiji viwili vitatu vya kata yenu katika robo moja muone kama hatapiga simu.

Mwanachama wa Mbagala: Nimeomba muhtasari wa kikao cha kata, mtendaji ananiambia ni nyaraka ya siri.

Kaka, acha kuomba kwa mdomo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Andika barua, taja kikao na jambo unalolitaka, nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Wanaweza kukunyima kurasa zenye mambo binafsi ya watu, hilo lina sababu. Kalavati halina faragha. Halafu kumbuka mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi, nenda ukae nyuma usikilize mwenyewe. Viti vya wananchi huwa vitupu mno.

Mwanachama wa Mufindi: Diwani aliahidi kutoa bati kwa shule kutoka mfukoni kwake. Hii inaingia safu gani?

Haiingii. Huo ni mchango wa mtu, na ukitaka kujua kama ulifika, leja ya stoo ya shule ndiyo shahidi: kila bati iliyopokelewa inaandikwa, na kamati ya shule inaweza kuiona. Mimi diwani wa bati simpendi, nawaambia ukweli. Anayetoa mfukoni leo ataona hana sababu ya kubishana na Mkurugenzi kesho kuhusu mapato ya ndani. Tena hizo za wakati wa kampeni ni hatari kwake, kwa sababu takrima, yaani ruhusa ya mgombea kukirimu wapiga kura, Mahakama Kuu iliibatilisha mwaka 2006.

Mwanachama wa Kilifi: Somo zuri, lakini sisi Kenya tuna mwakilishi wadi. Linatufaa?

Hatua ya pili itawafaa kuliko zote, na ninyi kazi imeshafanywa nusu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa: chekechea, afya na barabara za kaunti ni za kaunti; shule za msingi na sekondari na polisi ni za serikali kuu. Mwakilishi wadi aliyewaahidi madarasa ya sekondari amewaahidi kazi isiyo yake. Badala ya muhtasari wa kata, tafuteni kumbukumbu za Bunge la Kaunti mwone aliuliza nini.

Mwanachama (diwani wa viti maalum): Mimi sikuomba kura kata yoyote. Nitoe hesabu gani, na kwa nani?

Dada, ahadi za kata si zako, na Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozi wewe. Lakini unapiga kura kwenye Baraza na unakaa kwenye kamati za kudumu. Hesabu yako ni hizo kura. Ningekuwa wewe ningeanza na asilimia 4 ya wanawake: ilitengwa kiasi gani, ilitoka kiasi gani, na siku Baraza lilipoletewa taarifa yenye pengo ulisema nini. Waeleze akina mama wa vikundi, wao ndio wapiga kura wako hata kama karatasi ya kura haikuandikwa jina lako.

Mwanachama wa Kahama: Kama hatoi hesabu kabisa, tunaweza kumwondoa kabla ya muda?

Tanzania hatuna utaratibu wa wapiga kura kumrudisha diwani nyumbani katikati ya kipindi. Ila daftari la mahudhurio liangaliwe: kukosa mikutano mitatu ya Baraza mfululizo bila ruhusa kunaweza kumgharimu kiti. Wapo wanaokosa miwili, wakatokea wa tatu wakasaini na kuondoka kabla ya chai.

Mwanachama wa Temeke: Kwetu mikutano inafanyika, shida ni chawa, wale wapambe wa kumsifu diwani. Ukiuliza swali wanapiga makofi na kuimba mpaka kipaza sauti kinahamia kwa mwingine.

Pelekeni maswali kwa maandishi ofisi ya kata siku mbili tatu kabla, kila swali na jina la muulizaji na mtaa wake, nakala mbaki nayo ikiwa na muhuri. Mwombeni mtendaji ayasome yeye kwa mpangilio. Katibu akisoma swali, chawa anapata shida ya kumwimbia. Na lisiposomwa, kikao kijacho mnaliulizia kwenye yatokanayo.