Somo: Kusikia tofauti ya toni kati ya besi ya nyuzi nne na ya nyuzi tano

Wakuu, mtu akiuliza achukue besi ya nyuzi nne au tano, majibu mawili hayakosekani: "ya nne ina ngumi" (inapiga kwa nguvu na kusikika wazi) na "ya tano ni tope" (sauti nzito isiyoeleweka). Wengi wanaosema hivyo wamelinganisha gita lenye nyuzi mpya na betri (ya kuendesha kikuza sauti cha ndani) dhidi ya lingine lenye nyuzi zilizochoka, lisilo na betri. Msimamo wangu nautoa mapema: kuongeza uzi wa B (uzi wa tano, mnene na wa chini kuliko yote) hakuziharibu nyuzi nne zilizobaki. Toni inabadilishwa na shingo, pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi), urefu wa uzi na, kuliko vyote, mahali mkono wako unapoipigia noti.

Tafuta magita mawili, la nyuzi nne na la nyuzi tano, tyuna (kifaa cha kupimia noti), na ampu moja au hedifoni nzuri.

Hatua ya 1: Sawazisha

Funga nyuzi mpya za aina moja kwenye yote mawili. Ukiweka chuma huku na nikeli kule, unapima nyuzi, hupimi magita. Kama la nyuzi tano lina priampu (kile kikuza sauti cha ndani), izime; kama haizimiki, weka nobu za besi na trebo katikati. Kisha linganisha ukubwa wa sauti kwa makini, maana sikio hudanganyika haraka: linalopiga kelele zaidi litaonekana ndilo bora.

Hatua ya 2: E kwa E

Piga E wazi (bila kubonyeza uzi shingoni) kwenye yote mawili, vidole vikiwa umbali uleule kutoka kwenye daraja (kipande kinachoshika nyuzi upande wa mwili). Pima kwa rula, sentimita 10 hivi. Usitegemeze gumba kwenye pikapu bila kufikiri, kwa sababu pikapu za magita hayo huenda hazikai mahali pamoja. Tofauti utaisikia, lakini mara nyingi ndogo kuliko ulivyoahidiwa. Shingo ya nyuzi tano ni pana na nzito zaidi, kwa hiyo zile freti (vyuma vilivyokatisha shingo) ambazo noti zake hufa haraka, hasa kwenye uzi wa G kati ya freti ya 5 na ya 7, zinaweza kuhama.

Hatua ya 3: E ileile, uzi mwingine

Hapa ndipo penye somo. Kwenye nyuzi tano piga E wazi, halafu piga E ya freti ya 5 kwenye uzi wa B. Tyuna itasema ni noti moja, Hz 41 (mitetemo 41 kwa sekunde). Sikio litakataa. Kwenye gita la inchi 34, uzi unaotetema sasa umebaki kama inchi 25 na nusu, na ni mnene na mgumu kupinda. Uzi mgumu hamoniki zake (mitetemo midogo inayoambatana na noti yenyewe) za juu hupanda kidogo kuliko hesabu inavyotaka, na ule mng'ao wa chuma unapungua. Unabaki na E ya mviringo, yenye giza.

Sasa jiangalie unavyopiga wimbo mzima. Mpigaji akihamia nyuzi tano, mkono hukaa karibu na freti ya 5 na hauna tena sababu ya kurudi freti ya 1. E, F na G zote anazitoa kwenye B. Toni inakuwa nzito, lawama inapewa gita. Rudisha noti hizo kwenye uzi wa E usikie ngumi ikirudi.

Hatua ya 4: B yenyewe

B wazi ni Hz 31 hivi. Spika ndogo haiutoi mtetemo huo; zinazotoka ni hamoniki za 62, 93 na kuendelea, na ubongo ndio unaojaza msingi. Ndiyo maana kuongeza besi kwenye ampu kunaleta tope tu. Ongeza midi (sauti za kati), B itaanza kusema neno.

Urefu nao unachangia. Kutoka inchi 34 kwenda 35, uzi uleule ukituniwa noti ileile, mkazo unaongezeka kama asilimia 6. Inasaidia, ila si sharti: StingRay 5 ya Music Man, iliyotoka 1987, ni ya inchi 34 na kwa masikio yangu B yake imesimama. (Uzi wa tano si lazima uwe wa chini, kwa wasiojua: Fender Bass V ya 1965 ilikuwa na C ya juu.)

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina nyuzi nne. Naweza kutuni B-E-A-D?*
Ndiyo. Nunua seti ya nyuzi tano, uiache G. Mifereji ya nati (kipande kinachoshika nyuzi mwisho wa shingo) itabidi ipanuliwe, chuma cha ndani ya shingo kirekebishwe, na usahihi wa noti upangwe upya kwenye daraja. Ni jaribio zuri pia: shingo na pikapu ni zilezile, kilichobadilika ni nyuzi.

*B yangu inavuma hata nisipoigusa. Ni ubovu?*
Hapana. Ukipiga E wazi, hamoniki yake ya tatu inaangukia karibu kabisa na ya nne ya B, zote kwenye Hz 123 hivi, basi B inaamka. Laza gumba juu ya B unapopiga nyuzi nyingine, ulihamishe nalo unapopanda.

*Nikirekodi, B inaimeza ngoma ya mguu.*
Kata kila kitu chini ya Hz 30, kisha shusha pikapu kidogo upande wa B. Ikibaki vilevile, amueni nani anakaa chini: besi au ngoma.

*Anayeanza achukue ipi?*
Angalia nyimbo mnazopiga. Kama kinanda kinawapeleka kwenye D na E flati kila mara, tano itakufaa. Kama sivyo, chukua nne, nyuzi za kunyamazisha ni chache.