Kabla ya kuhesabu, kusanya jina: namna ya kupima mchango wa mtafiti

Wiki moja kabla ya fomu za kupandishwa vyeo kufungwa, mwalimu mmoja wa mambo ya mikoko alinijia maktabani, hapa kisiwani Mombasa, kompyuta kwapani. "Dada, Google Scholar yaniambia nimenukuliwa mara 163. Scopus yasema 38. Niandike ipi?"

Hizo ni kanzidata mbili za mtandaoni zinazohesabu makala za mtafiti zimenukuliwa, yaani zimetajwa, mara ngapi katika maandishi mengine. Nilimwambia tuanze na jina lake. Majina yetu watu wa Pwani hayakai vizuri kwenye fomu za majarida. Mtu ana jina lake, la baba na la babu, basi. Jarida moja litachukua la babu kuwa jina la ukoo, jingine litachukua la baba. Halafu Mohamed huandikwa Mohammed, kesho Muhammad, na "bin" huingia na kutoka. Kwa mwalimu huyu tulipata sura nne za jina moja. Kibaya zaidi, Google Scholar ilikuwa imempachika makala za daktari wa mifupa wa jina lilo hilo.

Kwa hivyo chukua karatasi, uandike kila namna ambayo jina limewahi kuchapishwa. Tafuta kila namna ndani ya alama za kunukuu, kisha linganisha unachopata na nakala anazozijua mwenyewe, moja moja. Zisizo zake zitoe kwenye wasifu wake, hata kama idadi itashuka. Mwisho mfungulie ORCID: ni bure, ipo tangu 2012, humpa mtafiti nambari ya tarakimu 16 ambayo haibadiliki jina likiandikwa vyovyote. Kazi hii ilituchukua alasiri mbili. Tulianza na 163, tukabaki na 96 zilizo halali yake, katika makala 8.

Sasa hizo namba mbili, 96 iliyobaki ya Google Scholar na 38 ya Scopus. Hakuna iliyo ya uongo. Scopus huhesabu kutoka machapisho iliyoyachagua tu, hasa majarida. Google Scholar huokota pia tasnifu, ripoti na vitabu vingi zaidi. Andika zote mbili, kila moja na chanzo chake na tarehe uliyohesabu, kwa sababu mwezi ujao zitakuwa nyingine.

Kipimo cha h alikitoa mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, na unaweza kukipata kwa kalamu. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Za mwalimu wangu zilikuwa hivi: 41, 19, 12, 9, 6, 5, 3, 1. Shuka ukihesabu nafasi: h ni nafasi ya mwisho ambayo makala yake bado ina nukuu zisizopungua namba ya nafasi hiyo. Ya tano ina 6, inatosha. Ya sita ina 5, haifiki 6. Basi h yake ni 5. Kipimo cha i10 ni idadi ya makala zilizonukuliwa mara 10 au zaidi. Kwake ni 3. Hesabu pia ni mara ngapi amejinukuu mwenyewe, uiweke kando. Kwake zilikuwa 11, si neno, kwani kazi mpya hujengwa juu ya ya zamani.

Usimlinganishe mtu na wa fani nyingine. Makala za tiba hunukuliwa upesi na kwa wingi. Mwenzetu anayechambua tenzi huandika vitabu, na kwa Kiswahili, lugha ambayo kanzidata kubwa haziisomi sana. Kumpima huyu kwa h ya daktari ni kumdhulumu.

Nikifika kwenye ushirikiano ndipo huwa natulia. Fungua lahajedwali: kila makala, waandishi wote, taasisi zao, miji yao, na nafasi ya mtafiti wako kwenye orodha. Uliza desturi ya fani kwanza. Katika sayansi nyingi wa kwanza ndiye aliyefanya kazi na wa mwisho ndiye kiongozi. Katika hisabati majina hufuata alfabeti tu. Kisha chora duara kwa kila mwandishi, na mstari kwa kila makala waliyoandika pamoja. VOSviewer, programu ya bure kutoka Leiden, huchora vizuri, lakini kwa watu thelathini karatasi inatosha.

Tazama mistari mizito iko wapi. Je, anashirikiana na wenzake wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani, na wa Unguja, au jina lake huonekana tu wageni wanapohitaji mtu wa kuwapeleka kwenye mikoko ya Gazi kuchukua sampuli? Swali hili linaniuma, maana nimeona orodha nyingi ambamo mtu wetu yuko katikati, hatajwi tena baada ya hapo.

Ile makala yake yenye 41 ilikuwa na waandishi 23, naye ni wa 14. Ukigawa sawasawa, hazifiki hata 2 kwa mtu. Ile yenye 12 aliiandika na wanafunzi wake wawili, yeye akiwa wa mwisho: 4 kwa kila mmoja. Mmoja wa wanafunzi hao ameshatoa makala yake mwenyewe.

Hiyo yenye 12 ndiyo tuliyoiweka juu kwenye fomu, na chini yake, kwa mwandiko wake: "Tulipima miche hii sisi watatu, kwa misimu minne ya mvua."