Mbegu ya anthuriamu haianikwi

Anthuriamu yangu, lile ua jekundu la kupamba nyumba, ilipozaa mara ya kwanza, nilikamua mbegu nikazianika juu ya jiwe nyuma ya nyumba hapa Bwiru, Mwanza, palepale tunapoanikia dagaa. Ndivyo bibi alivyonifundisha: mbegu ya mahindi, ya mchicha, ya bamia, zote hukaushwa kwanza. Siku ya tatu zilikuwa zimesinyaa. Nikapanda zote, zaidi ya 40, haikuota hata moja. Iliniuma sana, maana matunda yale nilikuwa nimeyasubiri nusu mwaka.

Anthuriamu, filodendro na monstera ni ukoo mmoja na gimbi. Anthuriamu hii ya maua mekundu asili yake ni misitu yenye unyevu ya Kolombia na Ekwado, na mbegu yake haikuumbwa kungoja mvua. Ikikauka, imekufa. Ukishalichuma tunda, hesabu siku, usihesabu wiki.

Kupata tunda kwenyewe kunahitaji mkono wako. Kile kijiti kinachosimama katikati ya ua, mfano wa gunzi la muhindi, ndicho chenye maua yenyewe, madogo sana. Kwanza huwa jike: asubuhi utakiona kimelowa, kina vitone vinavyong'aa. Baadaye ndipo hutoa chavua, unga mweupe. Kwa kuwa majira hayo mawili hupishana, nachukua chavua ya ua lililotangulia kwa brashi laini, nalipaka lenye vitone, asubuhi mbili tatu mfululizo. Likishika, kijiti hunenepa polepole. Miezi kama sita ikipita, matunda hubadilika rangi na kujisukuma nje yenyewe. Lisilotoka kwa kuguswa tu, liache.

Vaa glavu. Utomvu wake huwasha kama wa gimbi bichi, na ukipangusa jicho utajuta. Minya tunda ndani ya bakuli la maji, mbegu itateleza nje ikiwa na ute. Ute huo lazima utoke wote, kwa sababu unazuia kuota na ndio unaoita ukungu. Mimi hulaza mbegu kwenye maji usiku mmoja, kisha nazisugua taratibu ndani ya chujio la chai mpaka zisiteleze tena.

Kwa kupandia natumia pumba za mpunga kutoka mashineni, nazichoma mpaka ziwe nyeusi bila kufika majivu, nazisuuza vizuri, nachanganya na chenga za mkaa. Namwagia maji yanayochemka, naacha yapoe na kuchuruzika. Chombo ni kopo la aiskrimu lenye mfuniko unaopitisha mwanga. Mbegu zilaze juu, usizifukie. Kopo likae penye mwanga lakini jua lisiligonge. Hapa kwangu ni dirisha la jikoni, ambako hata usiku wa Juni na Julai kuna joto kidogo.

Ndani ya wiki moja hadi tatu utaona kijani. Ukiona utando mweupe, toa mbegu iliyooza kwa kijiti, fungua mfuniko saa chache, usimwage maji zaidi. Wengi huua miche kwa kuinywesha kila siku, na hali matone yaliyo chini ya mfuniko yanaonyesha kwamba maji bado yapo.

Miche ikifikisha majani matatu au manne naihamishia kwenye vikopo vyake. Maua usiyatarajie kabla ya miaka miwili au mitatu, na huenda yasifanane na ya mama. Mche wangu mmoja umetoa maua ya rangi ya waridi iliyopauka, nami ndio ninaoupenda kuliko yote.

Turudi kwenye kopo: mfuniko usiutoe kwa mara moja. Upepo wa mchana unaotoka ziwani hukausha jani changa kabla hujarudi kutoka sokoni. Wiki ya kwanza nauinua upana wa kidole, wiki ya pili nusu, ya tatu naacha wazi usiku tu. Ndipo miche inatoka kwenda barazani, upande ule ukuta unapoikinga.